Nyambizi za Kijapani zilizobeba shehena: faida yake ilikuwa ipi?

Mpita Njia
Wanajukwaa, hamjambo. Jumapili nilipita kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, wanakokumbukwa askari wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail mnamo 12 Februari 1944, wakitoka Mombasa kwenda Colombo. Iliyowazamisha ni nyambizi ya Kijapani, I-27. Katika kufuatilia habari zake, nimesoma kwamba nyambizi nyingine za Wajapani zilibeba mizigo. Chombo chembamba kama kile, kilichojaa mitambo, kingebeba nini cha maana?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu, kilibeba kidogo mno. Hata I-361 na nyenzake, zilizoundwa mahususi kwa kazi hiyo, zilichukua takriban tani 82, yaani mzigo wa trela tatu zinazopanda kutoka Kilindini, ilhali meli moja ya Kimarekani ya aina ya Liberty ilibeba tani zipatazo 10,000. Lakini huko Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki, mwishoni mwa 1942, ndege za Marekani zilikuwa zimeziba njia ya meli za kawaida, na askari wa Japani walikuwa wakifa njaa. Nyambizi ilisubiri giza, ikaibuka karibu na ufuo, na mabaharia wakapokezana mchele sitahani na kuushusha mashuani. Adui akitokea, ilibidi izame upesi, mzigo umekwisha au haujesha. I-1 haikuwahi: mnamo 29 Januari 1943, manowari mbili ndogo za New Zealand, Kiwi na Moa, ziliikuta katika ghuba ya Kamimbo kisiwani humo, na Kiwi ikaigonga hadi ikakwama mwambani pamoja na vitabu vyake vya siri. Jeshi la nchi kavu la Japani, ambalo halikuiva chungu kimoja na wanamaji, liliamua kujiundia nyambizi zake lenyewe za mizigo, jambo ambalo kwangu ni kichekesho kitupu.

Binti wa Pwani, Eastleigh
Mwalimu, shikamoo. Naomba kuongeza kwamba katika safari za kwenda Ulaya, kwa washirika wao Wajerumani, kilichotazamwa ni thamani, si uzito. I-30, ambayo ndege yake ndogo ilipeleleza Zanzibar na Dar es Salaam mnamo Mei 1942, ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema ikafika Lorient, Ufaransa, mwezi wa Agosti. Wakati wa kurudi ikalipuliwa na bomu la majini Singapore. I-52 ilipakia tani mbili za dhahabu, pamoja na bati, madini ya tangsteni, kwinini na kasumba (afyuni), ikazamishwa Atlantiki mnamo Juni 1944 na ndege za manowari ya Marekani, Bogue. Kati ya nyambizi tano za safari hizo, ni I-8 pekee iliyokwenda na kurudi Japani salama.

Mpita Njia
Nashukuru, Mwalimu na dada yangu. Je, dhahabu hiyo ilitolewa?

Binti wa Pwani, Eastleigh
La. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1995, zaidi ya mita 5,000 chini ya maji. Sanduku moja lilipandishwa kwa matumaini makubwa. Lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na kasumba.