Naomba ushauri: waziri na katibu mkuu Uingereza, nani anabanwa?

Wakuu habari za saa hizi, nimekwama na asaimenti ya utawala na mwisho ni Ijumaa. Naandika kuhusu mawaziri wa Uingereza na makatibu wakuu wao, wale ambao waziri akiondoka wao kwa kawaida wanabaki ofisini. Nimechukua kesi ya Aprili 2022, ule mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda. Katibu mkuu wa mambo ya ndani, Matthew Rycroft, alimwandikia waziri Priti Patel kwamba yeye kama afisa masuuli (mtu anayewajibika kwa matumizi ya hela za wizara) haoni ushahidi wa kutosha kuwa hela itakayotumika italipa, akaomba agizo la maandishi la kuendelea hivyo hivyo, Patel akalitoa, kazi ikaendelea. Yaani unambishia bosi kwa barua na barua yenyewe inawekwa hadharani, huku kwetu sijui kesho yake ungeamkia wapi 😅

Barua zote mbili nimezisoma, jamaa wa darasani nao kila mtu ana lake. Sasa baada ya agizo lile, kamati ya bunge ya hesabu ikiuliza hela zimeendaje, anayebanwa ni waziri au bado katibu mkuu? Na naweza kumlinganisha na katibu mkuu wa Tanzania, ambaye naye ni afisa masuuli ila anateuliwa na rais, au lekchara atanikata maksi?