Mrejesho: Windows imehamia kwenye SSD ya GB 240

Jamani, ahsanteni. Wiki iliyopita niliuliza nitaihamishaje Windows 10 kutoka diski ya GB 500 kwenda SSD (diski ya kasi, isiyo na sahani inayozunguka) ya GB 240 bila kuanza upya. Imekubali, ila si mara ya kwanza.

Nilianza kwa kutoa video za harusi ya dadangu, vilivyobaki kwenye diski vikawa GB 96. Nikadhani kwisha kazi. Kumbe Clonezilla, ile programu ya kunakili diski nzima, haijali umejaza kiasi gani, yaangalia ukubwa wa partisheni, yaani vile vipande diski ilivyogawanywa. Ikanikatalia. Nikarudi kuibana C, partisheni yenye Windows, nayo ikagoma kushuka chini ya GB 310, maana kuna mafaili yamekaa katikati ya diski na hayasogezeki. Aliyeniambia nizime haibaneti (kompyuta kulala ikihifadhi kazi kwenye diski) kwa amri ya powercfg /h off, pamoja na pagefile (faili la kusaidia RAM) na system restore (kumbukumbu za kuirudisha Windows nyuma), Mungu akubariki. Ikashuka hadi 180! Partisheni ya uokozi iliyokuwa mkiani nikaivuta karibu kwa GParted, programu ya kupanga partisheni, kisha Clonezilla tena na chaguo la -icds, la kuiambia isikague ukubwa wa diski mpya.

Betri ya laptopu ilishakufa zamani, kwa hivyo saa nzima nilikaa nikiiombea stima isipotee. Feni niliizima nisije nikajikwaa kwenye waya wake. Joto la Kisauni, Mombasa, mwalijua.

Mara ya kwanza kuwasha niliitoa kabisa diski ya zamani, kama mlivyonionya. Zamani nilikuwa nawasha, naenda kuinjika chai. Sasa hata kiberiti sijashika.

Diski ya zamani sijaifuta bado. Naipa mwezi.