Tupeane uzoefu: mchezo wa nyimbo ulioipindua hadithi unayoijua

Bint_Mkunazini

Assalaam alaykum wanabaraza.

Juzi hapa mtaani kijana mmoja karudi likizo kutoka Uingereza, akawa anatuhadithia mchezo aliokwenda kuutazama. Watu wanaimba na kucheza jukwaani mwanzo hadi mwisho, na kisa chenyewe ni cha zamani ila kimepinduliwa. Mzee mmoja akamkata kauli: hadithi ikishasimuliwa basi, kuipindua ni wizi. Nikanyamaza kwa adabu, lakini sikukubali, ndiyo nimekuja kuendeleza huku.

Nani ameuona mchezo wa namna hiyo? London, Muscat, Ngome Kongwe, uwanja wa skuli, popote. Filamu hazimo. Nataka aliyekaa mbele ya waimbaji wenyewe.

Naanza miye. Wangu ulikuwa hapa hapa mjini Unguja, Ngome Kongwe. Kikundi cha vijana kiliichukua Romeo na Juliet, mchezo wa Mwingereza Shakespeare wa wapendanao wawili, kikaivisha kanga. Zile nyumba mbili zenye uhasama zikawa nyumba za taarab, kila moja na kikundi chake, na ugomvi wote unakwenda kwa nyimbo: huyu anatupa fumbo, yule analichukua na kulirudisha na pilipili juu. Udi, ganuni, fidla, kodiani, dumbaki, wapigaji wote wamekaa pembeni ya jukwaa tunawaona. Padri wa hadithi ya asili kawa bibi muuza dawa za kienyeji Darajani. Romeo akifukuzwa mjini hapelekwi Mantua, anapelekwa Pemba. Na ile barua ya kumjulisha kwamba msichana hakufa, amelala tu, ikakwama bandarini kwa sababu kusi imechafua bahari na boti hazikutoka.

Uwanja mzima uliguna. Kwa Shakespeare mpeleka barua anafungiwa ndani kwa hofu ya tauni, jambo ambalo skuli nililisoma nikalipita. Lakini boti kutotoka? Pale hakuna ambaye halijamkuta.

Sasa sikilizeni. Msichana ameshika kikombe cha dawa, anaimba wimbo wa kuaga, sauti mashaallah. Kina mama wa safu ya mbele wakashindwa kuvumilia. Mmoja kanyanyuka na noti yake, anakwenda kwa madaha kumtunza. Akafuata wa pili. Mara foleni. Yule mtoto kikombe mkono wa kulia, mkono wa kushoto anapokea, na huku anaendelea kulalama kwamba dunia imemtupa. Wapigaji wakaona, wakawa wanarejea kiitikio, wanarejea tena, mpaka kina mama wakamalizika. Ndipo akanywa. Baadaye adhana ya isha ikaingia naye keshalala "maiti", tukangoja sote imalizike. Hakutikisa hata kope.

Mwenye mchezo wake huko Uingereza angeona wamemharibia. Miye naona ndiyo walioukamilisha.

Haya, nani anafuata?

Mpemba_wa_Wete

Kwanza nalalamika. Kila mnayemfukuza mnamtupa Pemba. Haya, tuyaache.

Miye niliuona *Wicked*, London, ukumbi wa Apollo Victoria, hatua chache kutoka stesheni ya treni. Tiketi alinikatia dada yangu anayeishi huko. Kwa wasiojua, asili yake ni hadithi ya Mmarekani L. Frank Baum ya mwaka 1900: mtoto wa kike anachukuliwa na kimbunga, anaangukia nchi ya Oz, na huko kuna mchawi mwovu anayeangamia kwa kumwagiwa maji. Filamu ya 1939 ndiyo iliyompaka mchawi rangi ya kijani. Mwaka 1995 Gregory Maguire akaandika riwaya ya kumuuliza mchawi mwenyewe: na weye unasemaje? Stephen Schwartz akaitilia nyimbo, ukaanza Broadway, New York, 2003, London 2006, na hadi leo watu wanapanga foleni.

Mchezo unafunguka watu wanasherehekea kifo. Wanaimba, wanacheza, mchawi kafa, mchawi kafa. Wallahi nilihisi niko nyumbani. Nyinyi watu wa Unguja na wa bara mnajua mnavyotufanyia: Mpemba akikutazama sana umekwisha, cha Mpemba usikiguse. Nilipokuwa nasoma Dar es Salaam mwenzangu wa chumba alikataa katakata kula pweza niliyeletewa kutoka kwetu. Anaogopa. (Basi nikamla peke yangu, faida ipo.)

Sasa hapo namtazama msichana, Elphaba, kazaliwa kijani, baba hamtaki, chuoni wanamkimbia, na akili anawashinda wote. Mwalimu wake wa historia ni mbuzi, mbuzi kabisa, na wanyama wa nchi ile wananyang'anywa kusema kidogo kidogo. Siku mbuzi yule anapotaka kuzungumza ikamtoka sauti ya mbuzi tu, ukumbi wote kimya. Msichana ndiye anayepiga kelele kwamba hii ni dhulma. Mtawala naye anataka adui wa kuwaunganisha watu, na mtu wa kijani yupo tayari, hana haja ya kutafuta mbali. Wanamtangaza mchawi. Uchawi wake ni kukataa.

Mwisho wa sehemu ya kwanza anapaa. Anapanda juu ya jukwaa, vazi lake jeusi linashuka chini kama pazia, taa zinamtoka mgongoni, na sauti ile sina pa kuilinganisha. Mtu mzima miye, nalia. Dada ananibonyeza, "Kaka, watu wanakutazama." Wanitazame.

Mwisho siusemi. Maji yamo.

Maalim_Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Bint, mzee uliyemnyamazia huenda ni miye.

Hoja yangu iko pale pale. Mwalimu Nyerere alimleta Shakespeare kwa Kiswahili, *Julius Caesar* mwaka 1963, baadaye *Juliasi Kaizari*, na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Kila mstari aliushughulikia, lakini Kaizari anauawa pale pale anapouawa. Hakumhamishia Chwaka. Leo tukimhurumia mchawi, kesho tutamhurumia fisi, keshokutwa Iblisi. Mchawi ni mchawi.

Hiyo ya kumtunza maiti mtarajiwa lakini imenichekesha.

Fidla_ya_Tatu

Shikamoo maalim. Kwa heshima zote, Romeo hakutungwa na Shakespeare. Alimtoa kwenye shairi refu la Arthur Brooke la 1562, na Brooke naye aliipata kwa Wataliano kupitia Kifaransa. Kaizari kamtoa kwenye kitabu cha Plutarch. Kama ni wizi, mwizi mkubwa ndiye mliyetusomesha.

New York 1957 wakamchukua tena Romeo. *West Side Story*: nyumba mbili zikawa magenge mawili ya vijana, moja la Wazungu wa mtaani na jengine la wahamiaji kutoka Puerto Rico, muziki wa Leonard Bernstein, maneno ya Stephen Sondheim. Niliuona nikiwa masomoni ng'ambo, wanafunzi wa chuo ndio waliocheza, jukwaa la mbao linalolia kila wanaporuka. Muziki ulinishika kabla ya kisa. Kuna wimbo mmoja mapigo sita yanagawiwa mafungu mawili, halafu mafungu matatu, na mara tena mawili. Wenzangu wa darasa walikuwa wanahesabu kwa vidole. Sikio lililokulia kwenye ngoma za pwani halikupata tabu.

Kisa nilikuwa nakijua, kwa hivyo nimejitayarisha: atakufa mvulana, kisha msichana. Mvulana kafa. Msichana, Maria, kaichukua bastola. Nikasema ndio huyo anakwenda. Hakwenda. Kasimama na bastola ile anawaelekezea wote, genge hili na hili, anauliza risasi zilizobaki zinamtosha nani. Halafu akaishusha, akabaki hai.

Baridi ilinipanda mgongoni. Asiyeijua ya zamani anaona msichana kanusurika, alhamdulillahi. Anayeijua anaona ananyimwa hata kile kifo alichoandikiwa, na atakaa na msiba wake miaka hamsini. Ndiyo maana sikubali kwamba kupindua kunaifuta hadithi ya mwanzo. Bila ya Juliet aliyekufa, Maria aliyehai hana uzito.

Vespa_Nyekundu

Miye nimelala. Simtaji mchezo wala ukumbi. Kiti cha rahisi, juu kabisa, nguzo mbele ya uso, nilikuwa nasikia watu wanacheka sijui wanacheka nini. Kilichoniamsha ni aiskrimu wanayouza wakati wa mapumziko, kikopo kidogo, bei ya urojo wa familia nzima. Nyinyi mnaokata tiketi, ulizeni kwanza kama kiti kinaona jukwaa.

MamaWawili_Bububu

Pole Vespa 😂

Sisi tuliuona *The Lion King* Abu Dhabi mwishoni mwa 2022, pale Etihad Arena, mume wangu alikuwa na kazi huko. Maalim, hiyo nayo ni Hamlet, mchezo mwengine wa Shakespeare, mwenye mkia: ami anamuua kaka yake apate kiti, mtoto wa marehemu anakimbia, anarudi kudai haki. Ila huku mtoto anapona na anatawala, na miye ukiniuliza bora hivyo, nilikuwa na watoto wawili pembeni sikutaka maiti jukwaa zima.

Kilichonishangaza ni vile walivyokataa kuficha. Julie Taymor, aliyeuongoza na kubuni maleba, kaweka kinyago juu ya kichwa cha mwigizaji, uso wake mtu unauona chini yake. Twiga ni mtu kwenye magongo, miguu na mikono, unaiona kabisa. Mwanangu kaniuliza, "Mama, nimtazame simba au nimtazame mtu?" Nikamwambia tazama unayemtaka. Baada ya dakika kumi akasahau kuuliza. Na zile sauti za kwaya za Kizulu za mwanzo, wanyama wanapita katikati ya viti, tembo anakugusa karibu na bega, we acha.

Halafu nikawaza ya kwetu. Barghash si alikitaka kiti cha kaka yake Sultani Majid mwaka 1859, akashindwa akapelekwa Bombay? Na dada yao Salme, msichana mdogo, ndiye aliyekuwa anamwandikia barua zake za njama. Kisha akaja kutoroka kwa ajili ya Mjerumani. Yote yamo: kasri, bahari, ndugu, mapenzi, majuto. Nani anaitilia nyimbo? Tiketi ya mwanzo naikata miye.

Mjukuu_Kipenzi

Bi Salme naunga mkono, ila aimbe yeye mwenyewe, asiimbiwe na Mjerumani.

Wangu ni *Aladdin*, London, ukumbi wa Prince Edward, Disemba 2018, onyesho la mchana. Disemba jua la kule linazama kabla ya saa 10 alasiri, kwa hivyo mapumziko yaliingia pamoja na maghrib. Nikasali pembeni ya ngazi, mlinzi akanisimamia watu wasinipitie mbele, Mungu amlipe.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitusimulia Alfu Lela Ulela kwenye mkeka, umeme ukikatika ndiyo bora zaidi. Na kwa bibi Aladini ni mtoto wa China, fundi cherehani ni baba yake, mvivu, mama anahangaika. Tukimcheka, "Bibi, China na jini wapi na wapi?" Kumbe bibi yuko sawa na kitabu. Hadithi hiyo Antoine Galland aliipata Paris mwaka 1709 kwa Hanna Diyab, Msiria wa Aleppo, akaiingiza kwenye mkusanyiko wake wa Kifaransa, na humo Aladini ni wa China kweli. Jukwaani wamempeleka kwenye mji wa kubuni wenye mapambo ya Kiarabu na ya Kihindi yaliyochanganywa, na jini ndiye kawa mwenye mji. Anaimba, anatania, anacheza, Aladini mwenyewe anaonekana kama mgeni mwalikwa.

Nilifurahi? Sana. Zulia liliruka, na nimetafuta kamba mpaka macho yakauma sikuiona. Lakini mama yake hayumo kabisa. Wamemuondoa. Kwa bibi yangu hadithi nzima ilikuwa ya mama yule, anayekwenda kwa mfalme amebeba sinia la vito anatetemeka, anarudishwa, kesho anakwenda tena. Kumpindua mtu sawa. Kumfuta ni jambo jengine.

Maalim_Mstaafu

Hapo sasa umesema.

Chasasa_Pemba

Mnakwenda mbali mno. Kibati mnakijua? Watu wawili wanajibizana kwa kasi, maneno ni ya papo hapo, ngoma inawakimbiza, kisha wote wanaingia na wimbo na kucheza. Nikiwa mdogo harusini niliona mmoja kakichukua kisa cha sungura na fisi, kile ambacho fisi kila siku anadanganywa na kupigwa, akasimama upande wa fisi. Kamsomea sungura mashtaka yote: nyama uliniahidi, kisima ulinisukumia, watoto wangu wanalala njaa. Mwenzake, sungura, akaishiwa na jibu. Kwenye kibati ukinyamaza umeshindwa. Watu waliruka.

Maalim_Mstaafu

Fisi. Si nilisema?

Mama_Asha_Chake

Samahani naingia na shida yangu. Mwezi wa pili nakwenda London kwa ndugu yangu na mtoto wa miaka saba, Kiingereza chake cha skuli. Huu wa simba na huu wa kijani, upi?

MamaWawili_Bububu

Wa simba, shoga. Huko upo ukumbi wa Lyceum, tangu 1999. Hata asipofahamu maneno atafahamu. Kata viti vya chini vya kando ya njia, wanyama wanapita hapo hapo, na umwambie mapema kuna fisi wanaopiga kelele asije akakurukia mapajani.

Mpemba_wa_Wete

Wa kijani umngojee afike miaka kumi. Kisha mlete kwangu nimuhadithie mwanzo.