Jina la Nyanya Kwenye Mkono

Zuleikha: Familia, msinipigie kelele. Nataka tatuu ya jina la nyanya, hapa kwenye kifundo cha mkono. Herufi ndogo tu.

Mama: Nyanya huyu huyu aliyekukataza kutoboa pua?

Ami Salim: Dini yetu yasemaje wajua. Sirudii.

Zuleikha: Nimekusikia ami.

Dada Fatma: Mimi nauliza la sikio. Ulipotoboa tundu la pili si paliota kinundu kama punje ya mbaazi? Ile ni keloidi. Mwili ulioota kovu hivyo waweza kuota tena, na sindano ya tatuu haidungi mara moja kama ya sikio, yadunga maelfu.

Zuleikha: Lo. Sikio nilishalisahau.

Dada Fatma: Kazini naona vidonda, ndiyo maana nasema. Kifundo nacho hakipumziki: udhu mara tano, saa, bangili, mkono wakunjwa kutwa. Juu hufunga kwa wiki mbili tatu, ndani bado. Na wakati huo hakuna bahari, wewe na ufuo wako wa Pirates kila Jumapili.

Hassan: Ati huogelea? Huenda kula viazi karai 😂

Dada Fatma: Hassan toka. Zule, sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, na wino umiminwe kikombe kipya. Homa ya ini ya B yapita hapo. Na herufi ndogo wino hutanuka miaka ikienda, zikashikana. Ukitaka kufuta kwa leza ni vikao vingi, na ngozi zetu nyeusi huweza kubaki na baka.

Shangazi Rukia: Mwanangu njoo nikuandike kwa hina kwanza. Ukae nalo wiki mbili, uone kama hulichoki.

Zuleikha: Hina yatoka nyekundu shangazi. Nipake piko basi.

Shangazi Rukia: Piko sipaki tena! Mwaka jana bibi harusi mmoja alifanya malengelenge mpaka kwenye viwiko. Harusi aliingia na glavu.

Dada Fatma: Piko ni rangi ya nywele hiyo. Ikishakudhuru mara moja, hata ukija kupaka nywele uzeeni yakurudia.

Zuleikha: Haya, hina. Alhamisi upo?

Shangazi Rukia: Baada ya alasiri. Njoo na ndimu, zangu zimekwisha. Na niandike vipi, Mwanakombo ama Bi Kombo?

Hassan: Kitambulisho kina Mwana Kombo, mbali mbali.

Zuleikha: Mama, mwenyewe aliandikaje?

Mama: Alitia kidole gumba.