Naomba ushauri: nimuulize nini mwajiri mpya kabla sijaacha kazi?

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni mhasibu hapa Mwanza, nina mkataba wa kudumu na michango ya NSSF inaingia bila shida. Kampuni moja ya usafirishaji Dar inanitaka, mshahara umenona kidogo. Nilimpigia afisa utumishi wao kuulizia mkataba, akanijibu, "Hayo tutaongea ukisharipoti." Hapo nikasita, maana Sheria ya Ajira ya 2004 haimkingi mwenye chini ya miezi 6 kazini dhidi ya kuachishwa isivyo haki.

Nikidai ofa ya maandishi kwanza, nitaonekana msumbufu? Na muda wa majaribio niulizie kwenye usaili au nisubiri hiyo ofa?