Briji (mchezo wa karata wa jozi kwa jozi): alama 68 nafasi ya pili, alama 42 nafasi ya kwanza. Imekaaje?

Nzovwe: Habari za jioni wakuu. Klabu yetu hapa Mbeya ni ndogo, tunacheza kila Alhamisi. Wiki iliyopita zilikuja jozi 8, bodi 21 (yaani migawo 21 ya karata, kila mmoja unapita meza kadhaa), kwa mtindo wa Howell, ambao jozi zinahamahama hadi zikutane zote. Jozi ya pili ilikuwa na alama 68. Wiki hii zimekuja jozi 7, mtindo uleule, na iliyoongoza ina 42. Tunataka mshindi wa mwezi, ubishi hauishi. Tunajumlishaje? Na je, turudi Mitchell, ule mtindo wa Kaskazini-Kusini kukaa na Mashariki-Magharibi kuhama?

Kihesa: Mkuu, alama ghafi msizijumlishe kabisa. Kwenye kila bodi unapata 2 kwa kila jozi uliyoizidi kati ya zilizoshika karata zilezile, na 1 mkilingana. Jozi zikiwa 8, bodi inachezwa mara 4, unaolinganishwa nao ni 3, kilele (alama za juu kabisa kwa bodi) 6. Mara 21 ni 126, kwa hiyo 68 ni asilimia 54. Zikiwa 7, bodi inachezwa mara 3, kilele kinashuka hadi 4, na kila jozi inapumzika mzunguko mmoja, inabaki na bodi 18. Jumla 72, hiyo 42 ni asilimia 58.3. Tumieni wastani wa asilimia. Na tafadhali, aliyepumzika msimwandikie sifuri kwenye zile bodi 3. Hazimhusu.

Mama Tukuyu: Naongezea mfano. Kaskazini-Kusini wana mkataba wa kopa 4, yaani wameahidi mikono 10 kati ya 13 kopa ikiwa turufu, na hawako hatarini (zawadi na adhabu ni ndogo). Meza mbili zimepata 420, moja 450, moja imeanguka kwa mkono mmoja, hasi 50. Wa 450 anachukua 6, wa 420 kila mmoja 3, aliyeanguka 0. Bila ule mkono wa 11 angelingana na wale wawili na kupata 4, yaani umemwongezea alama 2 nzima! Mngecheza kwa timu na kuhesabu kwa IMP (alama za timu zinazotokana na ukubwa wa tofauti), tofauti ya 30 ni IMP 1 tu, ila tofauti ya 470 ni IMP 10. Ndiyo maana kwenye timu unalinda mkataba kwanza, kwenye jozi unapigania hata mkono wa ziada.

Nzovwe: Asante sana, dada. Na Mitchell?

Kihesa: Kwa meza 4 bakini Howell. Mitchell inatoa washindi wawili, kwa sababu Kaskazini-Kusini wanalinganishwa wao kwa wao. Jozi ngumu zote zikikaa upande huo, zinakulana zenyewe huku upande wa pili mtu anaokota asilimia 60 kirahisi. Tena meza zikiwa shufwa, katikati wanaohama lazima waruke meza, la sivyo wanakutana na bodi walizokwisha kucheza.

Shida ya Howell ni watu kupotea. Wekeni kadi ya maelekezo kila meza, dakika 22 kwa bodi 3. Kila mchezaji ahesabu karata 13 kifudifudi kabla ya kuzitazama; mmoja akirudisha 12 na mwenzake 14, bodi hiyo imeharibika kwa meza zote zinazofuata.