Nguzo za mawe yaliyovunjika Karoo: kama si magma, nani kapasua?

Jongoo_Ruvuma
Wakuu, heshima zenu. Nasoma jiolojia mwaka wa pili. Tumeonyeshwa picha za bonde la Karoo, Afrika Kusini: chini kuna sili (magma iliyojipenyeza na kulala kati ya tabaka) za doleraiti, mwamba mweusi mgumu wa magma iliyopoa; juu yake zimesimama nguzo za mawe yaliyovunjika, zimekata tabaka hadi juu. Ndani ni vipande vya mwamba wa mchanga na wa tope, lava hakuna. Sasa nani kapasua?

Fundi_Visima
Maji na gesi, mdogo wangu. Nimechimba visima Karoo miaka mingi, doleraiti naitambua kwa mlio wa biti (ncha ya kutobolea) tu. Iliingia miaka kama milioni 183 iliyopita, ina joto la nyuzi 1,100 na zaidi, ikajipenyeza kwenye mwamba wa tope jeusi wa Ecca, kundi la tabaka za kale za Karoo. Tope lile lilikuwa na maji kwenye vinyweleo na mabaki ya viumbe. Maji yakatanuka, mabaki yakapikwa yakatoa gesi ya metheni, hata madini ya udongo yakatema maji yake. Na mwamba wa tope haupitishi kitu upesi! Presha ikapanda kuliko inavyovuja, ikazidi uzito wa mawe ya juu, yakapasuka. Ufa ukishafunguka, vyote hufumuka kwenda juu na mawe yake. Angalia vipande: vingi vina kona kali, dalili kwamba vilipasuliwa kwa nguvu.

Nasra_Miamba
Naongezea, maana wengi hudhani kila mahali ni mvuke, kama sufuria iliyofunikwa. Kina kikizidi kilomita 2 na kidogo, presha ya maji hupita megapaskali 22, na hapo maji hayachemki tena, yanatanuka tu. Huko chini metheni ndiyo yenye kazi kubwa. Norwei, kwenye bonde la Vøring, picha za chini ya ardhi zinazopatikana kwa mitetemo zimeonyesha mamia ya matundu ya aina hii, ya miaka kama milioni 56.

Jongoo_Ruvuma
Asanteni sana. Fundi, ukichimba leo hukutani na presha ile?

Fundi_Visima
Ile ilishavuja zamani mno. Zimebaki nyufa, nyingine za mlipuko, nyingine za doleraiti yenyewe ilipopoa. Ndiyo riziki yetu hizo. Daiki (ukuta wa doleraiti uliokata tabaka) nikishaiona, mashine naiweka ubavuni mwake, pale tope lilipoungua na kukatikakatika. Mwenye shamba akiniambia nitoboe katikati ya daiki namwambia aandae hela ya biti nyingine, na maji asiyategemee.